Ua la Agosti na majina ya marika

Jericho nilikolelewa, karibu na bomba la maji, palikuwa na mti wenye gome la miiba. Ulipukutisha majani yote, kisha ukachanua maua mekundu kama makaa. Kwa Kiswahili ni mwamba-ngoma, ingawa pale mtaani sikuwahi kumsikia mtu akiuita hivyo. Mama, Mkikuyu, alisema muhuti. Jirani Mkamba, muvuti. Mwalimu mmoja Mmeru, muuti. Jina hilohilo, ndugu msomaji, katika vinywa vitatu. Waluhya waliuita murembe na Waluo orembe. Hapo tumevuka mpaka wa nasaba, maana Kiluo si Kibantu. Jina limeruka ua, nami sisemi ua la mti. Wapo wanaolihusisha na salamu ya "mulembe". Mimi sina haraka hiyo. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi.

Maua yalipowaka Agosti ya mwaka wa shufwa, mzee mmoja Mbukusu alianza kusaka nauli ya basi la Bungoma, kwani vijana walikuwa wanakwenda kutahiriwa. Wagishu wa upande wa Uganda wa Mlima Elgon hufuata miaka hiyohiyo. Mwaka wa witiri, wapi! Kimya.

Ndiye aliyenitajia marika yao manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Huzunguka kama gurudumu, jina la rika la mababu likarudi kwa vitukuu. Miaka mingi baadaye, nikisomea isimu, niliyapanga kando ya marika ya Wakalenjin: Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo, Sawe. Nikaweka kalamu chini. Kibukusu ni Kibantu, Kikalenjin ni Kinailoti, lakini gurudumu ni moja. Neno la sukari au la gari unaweza kuliazima kwa mpita njia. Majina ya jando huyapati hivyo; lazima watu wawe wamekaa pamoja, wakaoana, wakapelekeana watoto kwa ngariba.

Na Wasabaoti, Wakalenjin wachache wa Elgon, ndio waliopambana na majirani zao Wabukusu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu waliuawa, wengine wakafukuzwa mashambani mwao. Habari zilifika Eastlands upesi kuliko magazeti. Mwaka 1992 nilimkuta mzee wangu kwenye kibanda cha chai, amempa mgongo Msabaoti aliyekuwa akinywa naye chai tangu nikiwa mtoto wa shule. Sikuwa na maneno ya kupatanisha wazee. Nilitoa daftari tu, nikamwambia yule Msabaoti, "Mzee, shikamoo. Niko na kazi ya chuo, nisaidie na majina ya marika ya kwenu."

Akaanza polepole, akihesabu kwa vidole. "Maina. Chumo…"

"Chuma," mzee wangu akasema, bado ametazama ukutani.