Mlowezi ni nani?

Mtajie mlowezi mtu wa Kericho au Bomet, Kenya, atamwona Mwingereza aliyepewa ardhi ya Wakipsigis akapanda chai. Ingia Tanzania ufike Kigoma: mlowezi huko ni jirani mwenye kijishamba cha muhogo, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, na afisa uhamiaji humwita kwa jina hilo hilo.

Neno lenyewe halina ubaya. Kulowea ni kukaa ugenini hadi ukawa mwenyeji. Kwa kipimo hicho (na hapa najua nitabishiwa) mlowezi hasa wa Kericho ni mchumaji aliyeletwa kutoka Rwanda enzi za ukoloni. Wajukuu wake wamezaliwa kwenye nyumba za shamba. Vidole vyao vinajua majani mawili na chipukizi kabla macho hayajatazama. Lakini wengi hawakuwa na uraia, na bila kitambulisho, hata laini ya simu utaomba isajiliwe kwa jina la jirani.

Sheria ya uraia ya Kenya ya 2011 iliwafungulia mlango wasio na uraia waliokuwapo nchini tangu 12 Desemba 1963. Ilipofika Siku ya Jamhuri 2020, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kuwatambua watu 1,670 wa jamii ya Washona na watu 1,300 "wenye asili ya Rwanda". Asili tu, kulowea hakukutajwa. Mzungu naye, chini ya sheria ya ardhi ya 1915, alipewa hati ya miaka 999 kabla hata hajalowea.