Landrova Dhidi ya Toyota

Mjomba alipotaka kununua pikapu ya Landrova 109 iliyofumuliwa na kusukwa upya, vijana wa gereji hapa Mpwapwa walimcheka: "Chukua Toyota, mzee!" Mimi nilimuunga mkono. Landrova ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kikiwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ni ya alumini. Haishiki kutu, fremu ndiyo huoza, kwa hiyo mnunuzi mjanja huinama chini kwanza.

Usukani mzito, mafuta inakunywa, mvua inaingia. Lakini njia ya Kibakwe haitaki kiyoyozi! Mjomba kalipa, shangazi bado amenuna.