SIKU MTUME ﷺ ALIPOWAKUSANYA ANSWARI: SOMO KWA KILA BOSI



Ndugu yangu uliyepewa na Allah watu wa kuwasimamia, iwe ni ofisini, dukani au shambani, kaa chini usome kisa hiki taratibu.

Ni mwaka wa 8 Hijria. Makka imefunguliwa mwezi wa Ramadhani, na mwezi uliofuata vikapiganwa vita vya Hunayn. Mwanzo wa vita jeshi lilitawanyika. Abbas (r.a.), mtu wa sauti kubwa, akaamrishwa aite, na Answari wakawa miongoni mwa walioitikia na kurudi mbio.

Ngawira zikagawanywa Jiirana. Mtume ﷺ akawapa wakubwa wa Makureshi na wa makabila, waliokuwa wageni katika Uislamu, ili nyoyo zao zilainike. Abu Sufyan alipata ngamia 100. Answari hawakupata kitu.

Maneno yakaanza. Vijana wao wakanong'ona kwamba Mtume ameshakutana na jamaa zake, sasa anawapa wao, na hali panga zetu bado zinadondoka damu yao.

Saad bin Ubada (r.a.) akaenda akamweleza Mtume ﷺ waziwazi. Mtume akamuuliza: na wewe uko upande gani? Akajibu kwamba yeye ni mmoja tu katika watu wake. Hakugombezwa! Aliambiwa awakusanye watu wake.

Walipokusanyika, Mtume ﷺ aliwakumbusha neema za Allah juu yao. Kisha akasema jambo ambalo mabosi wengi hatuliwezi. Akawaambia kwamba wao nao wangeweza kumjibu, na wangekuwa wakweli: ulitujia umekadhibishwa tukakusadiki, umeachwa tukakunusuru, umefukuzwa tukakupa makazi, huna kitu tukakuliwaza.

Zingatia hapa. Hakusema "ahsanteni kwa kazi nzuri" akaondoka. Alitaja walichokifanya, kimoja kimoja, mbele yao, kwa ulimi wake mwenyewe. Deni lake kwao alilitamka yeye kabla wao hawajalidai.

Kisha akawaeleza sababu ya ule mgao, na akawauliza: hamridhiki watu warudi na kondoo na ngamia, nanyi mrudi na Mtume wa Allah? Akawaombea dua wao, watoto wao na wajukuu wao. Wazee kwa vijana wakalia mpaka ndevu zikalowa, wakasema wameridhika.

Na maneno yake hayakuishia hapo. Makka ndiko alikozaliwa, na sasa ilikuwa mikononi mwake. Lakini alirudi Madina na Answari, akaishi nao, akafia kwao mwaka wa 11 Hijria. Kaburi lake liko huko mpaka leo.

Sasa tujiulize. Yule kijana anayefungua duka lako kila alfajiri, unajua alichokufanyia? Siku biashara ilipoyumba akabaki, ulishawahi kumwambia kwamba ulimwona? Au unamkumbuka siku anapokosea tu?

Lakini tahadhari! Asije mtu akakitumia kisa hiki kula mshahara wa mfanyakazi, akamwambia "ridhika na mapenzi yangu". Zile zilikuwa zawadi za kulainisha nyoyo za wageni. Ujira ni haki, na Mtume ﷺ ametufundisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Lipa kwanza, kisha shukuru. Shukrani bila malipo ni dhulma iliyopakwa asali.

Na akija Saad wako kukuambia watu wananung'unika, usimfanye adui. Amekuletea amana. Waite watu, wasikilize, waeleze, na utaje wema wao kwa majina yake.

Asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah.

Ewe Mola, usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaosahau wema wa waliowabeba. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako. Wallahu a'lam.