Konono No. 1: miaka 38 kabla ya albamu ya kwanza

Jumamosi iliyopita tulipopiga kipande cha Konono No. 1 kwenye kipindi cha jioni, simu ya kwanza kuingia studio haikuuliza jina la bendi. Mzee mmoja alitaka kutujulisha kuwa mitambo yetu imeharibika, spika zinakwaruza, fundi aangalie waya. Wa pili naye akasema hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa kijana anayesikiliza kwa simu akiwa bado shambani. Yeye aliomba tupige tena.

Mitambo yetu ilikuwa mizima. Ule mkwaruzo ndio muziki wenyewe. Kwa kuwa muda wa hewani ulitubana na maswali yalikuwa mengi, nimeahidi kuandika hapa habari za bendi hii kwa urefu: ilikotoka, vyombo vyake vilivyotengenezwa, na jinsi ilivyokaa miaka mingi bila albamu hata moja iliyokuwa yake.

Jina lake kamili ni refu: Orchestre Folklorique T.P. Konono No. 1. Zile herufi T.P. ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayomaanisha "wenye nguvu zote". Bendi ni ya Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, na ilianzishwa mwaka 1966 na mzee Mawangu Mingiedi. Alikuwa dereva wa lori na fundi mkubwa wa kupiga likembe. Wasikilizaji wetu wanaofuatilia Wakongo wanawajua zaidi wale wa rumba, wenye magitaa matamu na suti zilizonyooka. Konono hawamo katika kundi hilo. Hawaimbi hata Kilingala cha rumba. Wanaimba Kikongo, kwa sababu Mingiedi alikuwa Mzombo, watu wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Angola.

Likembe wengi wenu mnaijua kwa jina jingine. Ni kile kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma, unachokishika kwa mikono miwili na kukipiga kwa vidole gumba. Wagogo wanakiita ilimba, na marehemu Hukwe Zawose alikifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Uganda, Waacholi wana lukeme na Wateso wana akogo. Ni chombo cha sauti ndogo. Unaweza kutembea nacho njiani ukijiburudisha mwenyewe, na anayekufuata hatua ishirini nyuma asisikie kitu.

Hapo ndipo shida ya Mingiedi ilipoanzia. Kwao kulikuwa na muziki wa masikulu, unaopigwa kwa pembe, kila mpigaji akiwa na noti zake chache, kisha zote zinaungana kuwa wimbo mmoja. Ulikuwa muziki wa heshima, wa mbele ya wakubwa. Yeye aliuhamishia kwenye likembe. Lakini likembe ya kijijini ukiipeleka Kinshasa, penye baa mbili kila kona, magari yanapiga honi, na jirani ana redio iliyofunguliwa hadi mwisho, utaisikia wewe peke yako. Watu wa sherehe na wa matanga walitaka muziki wao wa nyumbani, ila walitaka usikike mtaa mzima.

Duka la vyombo vya umeme lilikuwa juu ya uwezo wao. Wakageukia magari mabovu.

Wanaopenda kufungua redio watafurahia sehemu hii. Walichukua sumaku na nyaya za shaba kutoka kwenye vipuri vya magari chakavu. Sumaku ukiizungushia waya mwembamba wa shaba mara nyingi, kisha ukaiweka karibu na ulimi wa chuma unaotikisika, mtikisiko ule unazalisha umeme kidogo sana ndani ya waya. Gitaa la umeme linafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Umeme ule mdogo unaingia kwenye amplifaya, unakuzwa, unatoka kwenye kipaza sauti. Na vipaza sauti vyao vilikuwa vile vya umbo la tarumbeta, kama vya msikitini au vya gari la matangazo ya mnada, vilivyobaki tangu enzi za Wabelgiji.

Matokeo yake si likembe ileile kwa sauti kubwa tu. Sumaku ya kujitengenezea haichagui. Inabeba noti, inabeba mkwaruzo wa kucha, inabeba mlio wa mbao. Amplifaya iliyosukumwa kupita uwezo wake inakata kilele cha sauti, na tarumbeta la bati linaongeza ukali wake. Kila hatua inachafua sauti kidogo, na mwisho wake unapata ule mvumo mnene uliomfanya mzee wetu atupigie simu. Mwanzoni hakuna aliyeutafuta, ulikuja wenyewe. Wao wakaamua kuuzoea, kisha kuupenda, kisha kuutungia nyimbo.

Ukisikiliza vizuri utagundua likembe ziko tatu. Moja ni ya juu na ndiyo inayoongoza, moja ya kati inashika mzunguko, na moja ni ya besi. Chini yake kuna ngoma, na vyombo vya kugonga vilivyotokana na masufuria na vipande vya gari, na juu yake waimbaji wanaitana na kuitikiana. Filimbi, kama ile ya refa, inapulizwa mara kwa mara kuchochea wachezaji. Wimbo hauna mwanzo na mwisho kama tulivyozoea kwenye kanda. Unaweza kwenda dakika kumi au zaidi, mabadiliko yakija taratibu. Mimi mara ya kwanza nilichoka dakika ya tatu. Dakika ya sita nikajikuta natikisa kichwa.

Kipande kimoja na mtu aliyekisikia redioni

Mwaka 1978 Wafaransa walirekodi bendi kadhaa za aina hii mjini Kinshasa, na Konono walikuwa miongoni mwao. Rekodi hiyo ilitolewa na Ocora, kampuni ya santuri iliyoko chini ya redio ya taifa ya Ufaransa. Ilikuwa ni santuri ya kukusanya bendi mbalimbali, si ya Konono peke yao.

Kipande chao kilipigwa redioni, na Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, ambaye mwenyewe ni mwanamuziki, akakisikia. Kikamganda. Alianza kuwatafuta, na ilimchukua zaidi ya miaka ishirini tangu kukisikia hadi kukutana nao na kuwarekodi. Mimi kama mtangazaji nakirudia kisa hiki mara kwa mara, kwa sababu sisi hatujui kamwe nani yuko upande wa pili wa redio. Unapiga wimbo saa tano usiku ukidhani umelala na walinzi tu.

Miaka hiyo yote Konono hawakuwa wamelala. Nchi ilibadilishwa jina ikawa Zaire mwaka 1971, Rais Mobutu akahimiza watu warudi kwenye asili yao, baadaye uchumi ukaanguka, vita vikaja, nchi ikarudi kuitwa Kongo. Kuna nyakati kundi lilisimama na nyakati lilirudi. Rumba ndiyo iliyopata studio na wafadhili. Bendi za likembe zilibaki na mtaa, harusi na misiba.

Kenis aliwarekodi Kinshasa kwa vifaa vya kubeba mkononi na kompyuta, na hakujaribu kuusafisha ule mkwaruzo. Nadhani huo ndio uamuzi uliookoa kazi nzima. Mtayarishaji mwingine angewapeleka studio, awape maikrofoni nzuri, na angepata likembe safi isiyotofautiana na za watalii.

Mwaka 2004 zikatoka albamu mbili. Lubuaku ilirekodiwa jukwaani Uholanzi, na Congotronics ilitolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Kutoka 1966 hadi 2004 ni miaka 38. Mingiedi alikuwa ameingia miaka ya sabini ya umri wake.

Walivyopokelewa

Wahakiki wa Ulaya na Marekani walishangaa. Wengine waliwafananisha na muziki wa disko wa kompyuta, wengine na roki nzito ya magitaa yanayounguruma. Sina ugomvi nao, kila mtu hufananisha na anachokijua. Lakini baadhi waliandika kana kwamba wazee hawa wamebuni kitu cha mwaka 2005, wakati walikuwa wakikipiga kabla waandishi wenyewe hawajazaliwa. Kinshasa hawakuonekana kuwa watu wa ajabu hata kidogo. Walikuwa bendi ya kukodi kwa shughuli.

Mwaka 2006 walipata tuzo ya muziki ya BBC Radio 3 upande wa wasanii wapya. Naomba urudie kusoma: wasanii wapya, miaka 40 baada ya kuanzishwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2007 mwimbaji Björk wa Iceland aliwashirikisha kwenye wimbo wake Earth Intruders. Mwaka huo huo ikatoka Live at Couleur Café, iliyorekodiwa kwenye tamasha la Brussels, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Mwaka 2010 wakatoa Assume Crash Position. Mpiga piano Herbie Hancock naye aliwaingiza kwenye toleo lake la wimbo Imagine, pamoja na Pink, Seal, India.Arie, Jeff Beck na Oumou Sangaré wa Mali, na wimbo huo ukashinda Grammy mwaka 2011.

Kwangu mimi, habari tamu kuliko tuzo ni ya ziara ya mwaka 2011 iliyoitwa Congotronics vs Rockers. Konono na wenzao wa Kasai Allstars waliwekwa jukwaa moja na bendi za roki kutoka Marekani na kwingine, akiwemo Juana Molina wa Argentina, wanamuziki karibu ishirini kwa pamoja. Rekodi zake zilikuja kutoka mwaka 2022 kwa jina la Where's the One?, yaani "moja iko wapi?" Ni swali la mazoezini. Mpiga roki anahesabu moja, mbili, tatu, nne, na anataka kujua hiyo moja inaangukia wapi. Kwenye muziki huu kila chombo kinaweza kuwa na mwanzo wake. Aliyecheza ngoma za kwetu anaelewa: mguu una hesabu yake, bega lina yake, na hakuna anayemuuliza mwenzake.

Mawangu Mingiedi alifariki Aprili 2015 akiwa na umri wa miaka 85. Mwanawe Augustin Makuntima Mawangu, mpiga likembe pia, alikuwa tayari ameshika uongozi wa bendi. Mwaka uliofuata ikatoka Konono No. 1 Meets Batida, iliyotengenezwa Lisbon pamoja na Batida, msanii wa asili ya Angola. Kwa namna hiyo muziki uliotoka mpakani mwa Angola ukakutana na Angola huko Ureno.

Huko nyuma nilisema bendi hizi zilibaki na mtaa. Kilichowaokoa Konono ni kwamba kile kipande cha 1978 kilikuwepo. Bila kipande hicho Kenis asingekuwa na kitu cha kutafuta. Nakumbuka kituo nilichoanzia kazi kulikuwa na kanda ya mzee mmoja mpiga ilimba, amerekodiwa kijijini kwake, saa nzima. Siku moja tulihitaji kanda ya kuwekea tangazo la biashara, na iliyokuwa karibu ilikuwa ile. Nilikuwepo, na sikusema kitu kwa sababu sikuona kama kuna kitu cha kusema. Mzee ameshafariki na hakuna rekodi nyingine tunayoifahamu.

Siku hizi simu ya kawaida inarekodi sauti vizuri kuliko mashine tuliyotumia wakati ule. Ukimrekodi mpigaji, kaa hatua mbili au tatu kutoka kwake, mgongo wako ukiwa upande wa upepo. Weka simu kwenye hali ya ndege ili simu zisiingie katikati ya wimbo. Mwanzoni kabisa taja kwa sauti jina lake, kijiji, tarehe na jina la wimbo, maana faili lisilo na jina baada ya miaka miwili ni sawa na kanda isiyo na lebo. Muulize kwanza kama anaridhia lisambazwe, na nakala mwachie yeye au watoto wake.

Wanaotaka kuwasikia Konono wenyewe, anzeni na albamu ya Congotronics. Ina vipande saba. Lufuala Ndonga na Paradiso ni milango mizuri ya kuingilia. Kuna kingine kiitwacho Kule Kule, jina linalomchekesha Mswahili, ila kumbuka ni waimbaji wa Kikongo. Chagueni sauti tupu badala ya video, kwa sababu kwa urefu wa vipande hivi video itamaliza bando kabla filimbi haijapulizwa. Msitumie spika ya simu ikiwezekana. Ile besi ya likembe haipiti kwenye spika ndogo, utasikia mkwaruzo peke yake na utampa haki mzee wetu aliyepiga simu. Yeye tumeshazungumza tena. Bado anasema waya umelegea, lakini safari hii aliuliza kipande kitapigwa lini.