Attlee na Swali la Kiongozi wa Kushinda

Vyama vya mrengo wa kushoto hujiuliza mara kwa mara kama kiongozi waliye naye aweza kushinda uchaguzi. Mwezi Mei 1945 swali hilo lilikikabili Chama cha Labour cha Uingereza. Msomi Harold Laski, mmoja wa wakuu wa chama, alimwandikia Clement Attlee, kiongozi tangu 1935, akimtaka ajiuzulu, kwani alimwona hana mvuto wa kushindana na Winston Churchill. Attlee alikataa.

Matokeo yalipotangazwa tarehe 26 Julai, Labour ilikuwa imepata viti 393 kati ya 640. Hata siku ile Herbert Morrison alitaka wabunge wachague kwanza kiongozi. Ernest Bevin akapinga, naye Attlee akaenda kwa mfalme kukabidhiwa serikali.

Wapiga kura walikuwa wamepima ahadi: nyumba, kazi na matibabu baada ya vita. Mwaka 1948 huduma ya afya ya taifa ikaanzishwa. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Chama kinachotafuta kiongozi wa kushinda hakina budi kujiuliza kwanza kinataka kushinda kwa ajili ya nini.