Kanisa Lililohama: Kutoka Kibanga hadi Kirungu

Wanaoandika historia ya Kiswahili katika mashariki ya Kongo wamezoea kuianzia Nyangwe na Kasongo, penye misafara ya wafanyabiashara waliotoka Unguja. Njia hiyo ni ya kweli, nasi watu wa Maniema ni warithi wake. Hata hivyo, ipo njia ya pili, iliyofuata Ziwa Tanganyika ikapanda mlimani pamoja na parokia iliyohama.

Mwaka 1883 Mapadri Weupe walijenga misioni mahali paitwapo Kibanga, magharibi mwa ziwa, wakaiita Lavigerieville kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao. Wakristo wake wa kwanza wengi hawakuwa wenyeji. Walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa, kila mmoja na kabila lake na lugha ya mama yake. Kiswahili, lugha ya misafara ile ile iliyowafunga, ndicho kilichowawezesha kusikilizana, kusali na kuoana.

Kibanga palikuwa na mabwawa na maradhi. Mwaka 1893 misioni ikaachwa, na jumuiya yake ikapelekwa mbali upande wa kusini, hadi Kirungu, juu ya Moba, penye hewa nzuri ya milima ya Marungu. Padri Victor Roelens, aliyefanywa baadaye askofu, aliongoza ujenzi wa makao hayo mapya, yaliyopewa jina la Baudouinville kwa kumbukumbu ya Baudouin, mtoto wa ndugu wa mfalme wa Ubelgiji, aliyefariki mwaka 1891. Mwaka ule ule wa 1893, majeshi ya Dhanis yaliteka Nyangwe na Kasongo.

Hapa sarufi yatufaa. Je, kanisa lile lilihama au lilihamishwa? Mwenye kwao huhama kwa hiari yake, akijua anachoacha. Waliokombolewa hawakuwa na kijiji kingine cha kurudia. Misioni ilipoondoka, iliwapasa kuifuata. Kwa upande wao, basi, kitenzi sahihi ni kile cha kutendeshwa na kutendwa kwa pamoja: walihamishwa. Tena neno parokia lenyewe latokana na Kigiriki, na asili yake ni kukaa ugenini. Ni nadra neno kumfaa mwenyewe kiasi hiki.

Kule mlimani wageni hao waliwakuta wasemaji wa Kitabwa, na kanisa lao likawa polepole kanisa la wenyeji pia. Ushahidi ni Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, aliyepewa upadri huko Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza miongoni mwa Wakongo katika enzi ya ukoloni. Tangu mwaka 1971 jina la Kirungu limo katika jina la jimbo la Kalemie-Kirungu.

Kuta za Kibanga hazikubebwa. Kilichopanda mlimani ni watu, pamoja na lugha waliyoipata utumwani wakaigeuza kuwa lugha ya nyumbani. Historia yetu imewataja sana Lavigerie na Roelens. Mwanafunzi atakayeichunguza njia hii ya pili hana budi kuanza na wale waliokombolewa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa parokia.