Ardhi, Maji na Afya ya Mji: Ulinganisho wa Kihistoria wa Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar

Miji ya Afrika Mashariki aghalabu hulinganishwa kwa idadi ya hospitali na madaktari wake. Kigezo hicho hupima namna mji unavyowatibu wagonjwa. Hakielezi kwa nini wakazi wa mtaa mmoja waugue kuliko wa mtaa wa pili. Makala hii inashikilia kwamba, katika Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, tofauti hiyo ilichangiwa sana na maamuzi ya awali kuhusu ardhi, maji na maeneo ya wazi.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Tauni ilipozuka mwaka 1902, watawala waliuteketeza mtaa wa maduka ya Wahindi. Mwaka 1913 daktari Mwingereza W. J. Simpson alitumwa kuchunguza usafi katika Kenya, Uganda na Zanzibar, akapendekeza makazi yatenganishwe kwa misingi ya rangi. Wazungu walishika miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu usiotuamisha maji; Waafrika walielekezwa mashariki, Pumwani ikiwamo, kwenye tambarare ya udongo mweusi. Mtu aweza kudai kwamba hali ya hewa ndiyo iliyoipa Nairobi nafuu, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Lakini ubaridi huo ni wa wakazi wote, ilhali ardhi kavu ilikuwa ya wachache.

Dar es Salaam, Waingereza waliendeleza mgawanyo ulioanza chini ya Wajerumani: Uzunguni, Uhindini na Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo, Mnazi Mmoja uliachwa wazi uwe mpaka wa kiafya. Historia iliupindua mpango huo. Uwanja uliokusudiwa kuwatenga watu uligeuka mahali pa kukutania, na Mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama papo hapo.

Zanzibar inatoa mfano wa tatu. Kabla ya ulinzi wa Waingereza wa mwaka 1890, Sultani Barghash (1870–1888) alikwisha kuleta mjini maji safi ya chemchemi kwa mifereji. Kwa hiyo, afya ya umma haikuletwa na ukoloni. Hata hivyo, Mji Mkongwe ulitangulizwa na Ng'ambo ikabaki nyuma. Nyumba za ghorofa za Michenzani, zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zilikuwa jaribio la kuliziba pengo hilo.

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba kila mji ulikuwa na nyenzo za afya, lakini nyenzo hizo zilifuata hadhi ya mkazi. Uhuru uliondoa sheria za ubaguzi bila kuhamisha miinuko wala kukausha tambarare. Aidha, maeneo ya wazi yaliyorithiwa hayakuwa salama. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, na mwaka 1999 akautetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Mapambano hayo yalikuwa ya mazingira, lakini yalikuwa pia ya afya: bustani ya umma ni mahali ambapo mkazi wa chumba kimoja hupata hewa, kivuli na nafasi ya kutembea bila malipo. Mji unaoiuza ardhi hiyo huurudisha mpaka wa Simpson, safari hii kwa kigezo cha fedha.